Macho mawili, picha moja: hadubini ya binokula inapogoma

"Mwalimu, hii mashine mbovu, naona duara mbili." Katika kazi yangu ya maabara hapa Pwani, hakuna lalamiko ninalolisikia zaidi ya hilo. Anayelalamika kwa kawaida ni kijana aliyesoma chuoni kwa hadubini ya jicho moja. Kituoni anakuta ya macho mawili, anachungulia, na dakika kumi hazijapita kichwa kinamgonga. Basi anafumba jicho la kushoto, anaendelea kusoma slaidi kwa la kulia peke yake. Wapo niliowakuta wamefanya hivyo miaka mitatu mfululizo, slaidi arobaini kwa siku, na muda wote huo hadubini yao ilikuwa nzima.

Kabla ya kushika bisibisi, tuanze na jina, kwa sababu nusu ya matatizo yamo humo.

Binokula ni maneno mawili ya Kilatini yaliyoungana: *bini*, yaani viwili viwili, na *oculus*, yaani jicho. Kwa hiyo monokula ni ya jicho moja, na trinokula ina neli ya tatu ambayo aghalabu hufungwa kamera. Sasa angalia lugha yetu wenyewe. Tunasema hadubini na darubini, na wengi hudhani ile "bini" ya mwisho ndiyo hiyo ya binokula. Sivyo. Yetu ni ya Kiajemi, maana yake "kuona": *dur* ni mbali, *durbin* ni kionea mbali, na ndiyo darubini. Kwa Kiurdu hadubini huitwa *khurdbin*, kionea vidogo. Bini ya Kiajemi inaona, bini ya Kilatini inahesabu, zimefanana sauti tu. Hadubini yoyote inaona. Ya binokula inaona kwa macho mawili, na macho hayo lazima yapatane.

Kupatana huko ndiko kugumu. Mfaransa Chérubin d'Orléans alitengeneza hadubini ya macho mawili tangu miaka ya 1670, kwa kuweka hadubini mbili kamili ubavu kwa ubavu. Kazi ya maana ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1850, pale John Leonard Riddell wa New Orleans, Marekani, alipotumia prizimu, yaani kipande cha kioo kinachopinda mwanga, kugawa mwanga wa lenzi moja ya chini upelekwe kwenye macho mawili. Zetu za leo zinafuata wazo hilo: lenzi ya chini ni moja, picha ni moja, prizimu zinaigawa. Kwa hiyo ukiona picha mbili, tatizo liko juu ya mahali pa kugawia. Ni kichwa cha hadubini, au ni kichwa chako.

Naona duara mbili, au nane iliyolala

Neli mbili hazijalingana na umbali wa mboni zako. Watu wazima wengi wana milimita kati ya 55 na 70 kutoka mboni hadi mboni, na hadubini haijui wewe ni nani hadi uiambie. Weka lenzi ya chini ya 10, yaani inayokuza mara 10, washa taa, shika neli zote mbili kwa mikono miwili, zifungue hadi mwisho, kisha zikaribishe polepole huku unachungulia. Duara mbili zitasogeleana, zitapandana, na ghafla itabaki moja. Simama hapo. Katikati ya neli nyingi pana kipimo chenye namba. Isome na uikariri kama unavyokariri namba ya kiatu chako. Yangu ni 62. Nikikaa kwenye hadubini yoyote natafuta 62 kabla ya kuweka slaidi.

Ikikataa kuungana, ondoa uso kwenye lenzi. Wageni hubandika jicho kabisa kwenye kioo, kope zinagusa. Rudi nyuma kama sentimita moja au mbili, tazama kama unayetazama bahari, mbali, halafu sogea taratibu. Macho yakijikaza kutazama karibu yanageukia pua, na duara zinaachana tena.

Kuna vichwa vinavyokunjuka kama bawaba, muundo unaoitwa kwa jina la Mjerumani Henry Siedentopf, na kuna vya zamani vinavyoteleza kushoto na kulia. Kwenye baadhi ya hivi vya kuteleza, ukibadili upana, urefu wa njia ya mwanga nao unabadilika. Inabidi urekebishe upya pete nitakayoieleza sasa hivi.

Jicho moja linaona vizuri, lingine lina ukungu

Macho ya binadamu hayalingani, na wengi hatujui hadi tukae kwenye binokula. Chini ya lenzi ya jicho, kwa kawaida ya kushoto, pana pete inayozunguka yenye alama ya kujumlisha, sifuri na kutoa. Watu wengi hawajawahi kuigusa. Nimeikuta imegandana kwa vumbi na jasho mpaka nikailegeza kwa kitambaa chenye spiriti.

Weka slaidi yenye rangi nzuri, damu iliyotiwa rangi ya Giemsa inafaa sana, chini ya lenzi ya 40. Fumba jicho la upande wenye pete. Kwa jicho lingine, tumia skrubu ndogo, ile ya kunoa picha taratibu, mpaka ukingo wa chembe nyeupe ukatike kama umechorwa kwa kalamu. Sasa badilisha macho, na hapa ndipo watu wanapokosea: usiguse tena skrubu. Zungusha pete peke yake mpaka chembe ile ile iwe safi. Fungua macho yote mawili. Ukigusa skrubu katikati ya zoezi umeharibu ulichokijenga kwenye jicho la kwanza, anza upya.

Kama neli zote zina pete, anza kwa kuweka zote sifuri, halafu rekebisha kila jicho kwa pete yake. Hadubini ikitumiwa na watu wanne kwa zamu, kila mmoja aandike namba zake mbili, upana na pete, kwenye kipande cha plasta kilichobandikwa ubavuni mwa mashine. Ni senti chache za plasta, na inaokoa macho ya watu.

Mwenye miwani ya kuona mbali au karibu tu anaweza kuivua, skrubu na pete zitamfidia. Mwenye astigmatizimu, yaani jicho lisilopinda mwanga sawa pande zote, abaki nayo, kwa sababu hilo hadubini haiwezi kulirekebisha.

Picha ni moja na ni safi, lakini baada ya nusu saa kichwa kinauma

Hapa sasa huenda mashine kweli ina kosa. Kwanza, chomoa lenzi za macho zote mbili usome kilichoandikwa pembeni. Lazima ziwe pacha: 10 na 10, upana wa uwanja, yaani wa duara unayoiona, 18 na 18. Nimewahi kuitwa kituo kimoja ambako wafanyakazi watatu walikuwa wanameza panadoli kila siku, na kulia kulikuwa na 10, kushoto 12.5 iliyoazimwa kutoka hadubini iliyokufa. Jicho moja linapokea picha kubwa, la pili ndogo, na ubongo unahangaika kutwa kuzipatanisha.

Kama ni pacha, chunguza prizimu. Tafuta kitone kimoja chenye umbo la pekee, kilete katikati kabisa kwa jicho la kulia. Fumba la kulia, fungua la kushoto, usisogeze slaidi. Kitone kipo katikati? Kikiwa kimesogea kidogo kushoto au kulia, macho huvumilia. Kikiwa kimepanda juu au kushuka chini, macho hayavumilii, kwa sababu hatujaumbwa kuinua jicho moja na kushusha lingine. Njia nyingine ya haraka ni kutazama picha huku unarudisha kichwa nyuma polepole. Prizimu zilizohama zitaachanisha picha moja kuwa mbili, moja ikiwa juu ya mwenzake.

Chanzo chake karibu kila mara ni kimoja: hadubini ilidondoka, au ilibebwa kwa kushikwa kichwani. Bebea mkono mmoja shingoni, mwingine chini ya kitako, kama unavyobeba mtoto mchanga. Kupanga prizimu ni kazi ya fundi mwenye kifaa cha kupimia. Usifungue kichwa kwa kukisia.

Giza

Hili ni neno moja lenye visababishi vingi, kwa hiyo tazama giza lako lina umbo gani.

Likiwa nusu mwezi, yaani upande mmoja umekatwa, lenzi ya chini haijakaa mahali pake. Zungusha ile sahani iliyobeba lenzi mpaka uisikie "tak". Kama bado, angalia kondensa, lenzi inayokusanya mwanga chini ya meza ya slaidi, huenda imekaa upande.

Likiwa giza totoro huku taa inawaka kabisa, na hadubini ni trinokula, kuna kijiti ubavuni mwa kichwa. Kikivutwa, mwanga unakwenda kwenye kamera, machoni hakiji kitu. Kisukume. Nimeona fundi akisafirishwa kilomita mia mbili kwa ajili ya kijiti hicho.

Picha ikiwa hafifu tu, kama jioni ya saa kumi na mbili na nusu, basi kondensa imeshushwa au airisi, tundu lake la kupitishia mwanga, imefungwa. Kwa slaidi yenye rangi chini ya lenzi ya 100, kondensa ipande juu kabisa, airisi ifunguliwe. Kwa mkojo au choo kisicho na rangi, airisi ifungwe kiasi, mayai ya minyoo yapate kivuli cha ukingo. Kupunguza ukali wa mwanga ni kazi ya swichi ya taa. Kushusha kondensa ili macho yapumzike ni mazoea mabaya tuliyorithishana, na yanaondoa uwezo wa lenzi kutenganisha vitu vilivyokaribiana.

Kumbuka pia kwamba kwenye binokula mwanga umegawanywa, kila jicho linapata chini ya nusu. Ndiyo maana hadubini za kioo na jua zilikuwa za jicho moja. Ukitaka kutumia binokula kwa kioo umeme unapokatika, lenzi ya 10 itakuonyesha yai la kichocho vizuri, lakini ya 100 itakunyima.

Taa isipowaka kabisa: plagi, fyuzi, balbu, kwa mpangilio huo. Balbu ya halojeni, mara nyingi volti 6 na wati 20, ishikwe kwa karatasi. Mafuta ya kidole yakibaki kwenye kioo chake, hapo ndipo patapasuka. Na umeme wetu unavyopanda na kushuka, stabilaiza si anasa.

Vitone vyeusi visivyoondoka

Kabla ya kufuta chochote, jua uchafu uko wapi. Sogeza slaidi: vitone vikisogea nayo, ni vya slaidi. Zungusha lenzi ya jicho kwa vidole huku unachungulia: vikizunguka, viko hapo. Badilisha lenzi ya chini: vikipotea, vilikuwa kwenye ile uliyoiacha. Shusha kondensa kidogo: vikififia, viko huko chini au kwenye kioo cha taa. Uchafu wa lenzi ya chini mara nyingi hauonekani kama vitone, unaonekana kama ukungu kwenye picha nzima.

Ili kuuona kwa macho yako, chomoa lenzi ya jicho, igeuze juu chini, ichungulie kama kikuzio cha fundi saa, na elekeza uso wa lenzi ya 40 kwenye mwanga wa dirisha. Utaona kioo kidogo kama punje ya mtama, na juu yake ganda la manjano lenye nyufa, kama asali iliyokauka mdomoni mwa chupa. Hayo ni mafuta ya lenzi ya 100. Mtu alimaliza kusoma BS, yaani slaidi ya damu, akarudisha 40 bila kufuta slaidi, ikapita ndani ya mafuta.

Lenzi ya 40 haiji safi kamwe

Ganda hilo la mafuta ndilo la kwanza kulishuku. La pili ni slaidi iliyogeuzwa, sampuli chini, kioo juu. Lenzi ya 10 bado itaona, ina nafasi. Ya 40 inakaa kama nusu milimita tu juu ya sampuli, kioo cha slaidi kina unene wa milimita moja, haitafika. La tatu ni kifuniko kinene au viwili vilivyogandana. Lenzi ya 40 imetengenezwa ikitegemea kifuniko cha milimita 0.17.

Kufuta: puliza vumbi kwanza, kwa kibofu cha mpira wala si kwa mdomo. Karatasi ya lenzi, tone dogo la mchanganyiko wa etha na alkoholi, ama alkoholi peke yake kama etha haipo, zungusha kutoka katikati kwenda nje, tupa karatasi, chukua nyingine. Karatasi ya chooni ina nyuzi ngumu, inakwaruza. Zailini usiitumie kama maji ya kuoshea, inakula gundi inayoshikilia vioo vya lenzi ndani. Koti la maabara nalo si kitambaa cha lenzi, na nasema hivi kwa sababu naona likitumiwa kila wiki.

Lenzi ya 100 ina ukungu

Nitakaa hapa kidogo, maana kwenye lenzi hii ndipo malaria na kifua kikuu vinapoamuliwa.

Mafuta yanawekwa ili mwanga utoke kwenye kioo cha slaidi uingie kwenye lenzi bila kupinda. Mafuta sahihi hupinda mwanga kwa kiasi cha 1.515, karibu sawa na kioo. Hewa ni 1. Ukiona ukungu, rudisha lenzi pembeni kidogo, tazama tone. Kuna kiputo? Chomoa lenzi moja ya jicho, chungulia ndani ya neli: kiputo kinaonekana kama mbegu nyeusi ya mviringo inayoelea. Futa, weka tone jipya, teremsha taratibu.

Kama hakuna kiputo, nusa chupa. Nimekuta mafuta ya kupikia ndani ya chupa ya maabara, kwa sababu ya bajeti. Hayapindi mwanga sawa, na yakikauka yanaganda kama vanishi. Mafuta ya mti wa seda nayo hukauka, yafutwe kila baada ya slaidi.

Mwenye lenzi ya 100 yenye ukungu hapati picha mbaya tu, anapata majibu mabaya. Miongozo inataka uwanja usiopungua 100 wa damu nene usomwe kabla ya kuandika kwamba hakuna vimelea. Ukisoma 100 kupitia ukungu, pete changa za *falciparum*, kimelea cha malaria, hazionekani, na vipande vya rangi iliyoganda vinafanana navyo. Mama aliyekaa kwenye benchi na mtoto mwenye homa hajui kuhusu mafuta. Anasubiri karatasi yako.

Picha inapotea yenyewe

Umepata picha, unageuka kuandika, ukirudi imefifia. Meza ya slaidi inashuka kwa uzito wake. Kwenye mhimili wa skrubu kubwa pana pete ya kukazia, ikaze kidogo. Usishike skrubu mbili za kushoto na kulia ukazizungusha kinyume, utavunja meno ya ndani.

Mpya kabisa, macho mawili, na vimelea hata kimoja hakuna

Hili ni kosa la jina tu. Kituo kiliagiza "hadubini ya binokula" bila neno lingine, kikaletewa ile iitwayo stereo. Nayo ina macho mawili, kwa haki kabisa ni binokula. Lakini ndani yake ni hadubini mbili zinazotazama kitu kutoka pembe mbili, muundo ulioanza mwishoni mwa karne ya 19 kwa pendekezo la Horatio Greenough lililotekelezwa na kampuni ya Zeiss. Inatoa picha iliyosimama wima yenye kina, nzuri mno kwa mbu, mbegu, na kwa wanaokagua tanzanaiti. Nyingi huishia kukuza mara 40 hivi. Kimelea cha malaria kinataka 1000. Yetu ya damu, ingawa ina macho mawili, haitoi kina. Macho yote yanaona picha ile ile, imepinduka, na faida yake ni kupumzisha mwili. Unapoagiza, andika zote: binokula, ya kupitisha mwanga, lenzi za chini 4, 10, 40 na 100 ya mafuta.

Utando kama wa buibui ndani ya kioo

Wa Tanga, Mombasa, Unguja na Dar es Salaam wanaujua. Ukichungulia lenzi kwa pembeni unaona nyuzi nyeupe zinazotambaa kutoka ukingoni kwenda katikati, kama mizizi. Ni kuvu. Inaota kwenye unyevu, inatoa asidi, na asidi inachimba kioo. Ikiwa juu ya uso wa lenzi, futa leo, usingoje kesho. Ikiwa ndani, ni ya fundi, na alama huenda zisitoke.

Kinga yake ni kabati la mbao lenye matundu madogo na balbu ya wati 25 au 40 inayowaka humo, hadubini ikilala na joto dogo usiku kucha. Balbu za kisasa za kubana matumizi hazitoi joto la kutosha. Pasipo umeme, tumia boksi linalofunga vizuri lenye silika jeli, na ikibadilika rangi ikaange juu ya moto mdogo mpaka irudi. Kufunika kwa mfuko wa nailoni bila silika jeli, msimu wa masika, ni kuifugia kuvu.

Ikibidi kuipeleka kwa fundi, usichomoe lenzi za macho ukaacha neli wazi, vumbi litafika kwenye prizimu. Teremsha meza ya slaidi hadi chini, weka lenzi ya 4 mbele, na funga karatasi shingoni iliyoandikwa: jicho gani, lenzi ipi, dalili ilianza lini, na kama ilidondoka, sema ilidondoka.